Karai la Juu ya Rafu

Tulia, Kitui
Jumamosi, 15 Novemba 2025
Asubuhi ya ukungu na manyunyu. Jua halijaonekana hadi sasa.

Mpendwa kaka Musyimi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai mgongo umepata nafuu na kwamba zamu za usiku hazikuchoshi sana. Sisi tu wazima. Shemeji yako Mulei amemaliza kupanda, na watoto wanakutaja kila ndege ikipita.

Mvua ilianza Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni. Uliponipigia kesho yake ulifurahi kusikia tangi limejaa. Nilikueleza habari za tangi tu. Hii nyingine nilishindwa kuitamka kwa simu, ndiyo maana nampa binamu yetu Mutunga barua hii akirudi Doha Jumatano.

Kompyuta imelowa, Musyimi. Ile yenye video ya mazishi ya mama yetu, mwaitu.

Bati la sebuleni lina tundu. Tangu Aprili nilikuwa nimeweka karai juu ya rafu, sawasawa juu ya kompyuta, likinge matone. Kiangazi chote lilikaa pale kavu. Mvua iliponyesha tulikimbia nje na sufuria, ndoo na mitungi, unajua tulivyo tukiona maji ya paa yakipotea. Vyombo viliisha. Nikarudi ndani nikachukua lile karai. Hakuna aliyenituma. Nilikuja kukumbuka nililitoa wapi likiwa limeshajaa.

Nilipoinamisha CPU, maji yalimwagika hadi mlangoni.

Jirani yetu Mbula alikuja mbio. Akasema, "Simu ikilowa si tunaiweka kwa mchele? Hii ni kubwa, iweke kwa ndengu!" Mchele haukuwepo, ndengu zilikuwepo. Tukafungua ubavu, tukamimina kilo nne. Usinicheke. Saa ile hata majivu ningeweka.

Jumatatu Mulei alizikung'uta, akachomeka waya. "Wacha tuone kama inapumua," akasema. Ilivuma kidogo, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Sikumgombeza. Nami nilikuwa nimesimama hapo nikingoja iwake.

Alhamisi niliipeleka Kitui mjini kwa Haroun, fundi aliye nyuma ya msikiti. Aliifungua, ndengu zilizobaki zikamwagika mezani, nyingine zimeshaota. "Dada, hii ni kompyuta ama ni chakula cha mchana?" Watu dukani wakacheka. Kisha akaniona uso, akaacha.

Alitoa diski, akaijaribu kwenye mashine yake. Inagonga tu, haisomeki. Alisema akiifungua yeye anaweza kuimaliza kabisa. Kuna mtu Nairobi mwenye vifaa, lakini hata huyo haahidi kitu, na akikosea mara moja basi. Mpiga video nimempigia mara tatu. Yake alishaifuta zamani. Hakuna nakala nyingine.

Najua ulivyosema: hutaki kuitazama kwa simu ukiwa ugenini, utaitazama Desemba ukiwa umekaa nyumbani kwa mwaitu. Nilikuahidi kuitunza. Sasa diski iko kwenye leso ya mwaitu, ndani ya sanduku, na kila siku naifunua, naitazama, naifunika tena. Siwezi kuipeleka Nairobi bila neno lako, na siwezi kuiacha hivi. Niambie tufanye nini. Mimi sijui.

Wasalimu wenzako wa chumba, hasa yule anayekupikia. Mulei na Mbula wanakusalimu. Mungu akulinde juani huko, akurudishe kwetu salama.

Dada yako akupendaye,
Kanyiva

Siku zote ulinitania kwa kuandika shajara. Nimekunakilia ukurasa mmoja. Ndio pekee nilio nao wa kukupa kwa sasa.

Ijumaa, 14 Machi 2025. Asubuhi ya jua kali, upepo kidogo. Watu walijaa hadi barabarani. Mwaitu alivalishwa ile sweta ya kijani aliyotumiwa na Musyimi. Wakati wa kutupa udongo nilitupa wangu, nikainama tena nikachota mwingine, nikasema, "Huu ni wa Musyimi." Mchungaji alinisubiri. Mulei alinishika mkono tukarudi kuketi. Wageni wa mwisho waliondoka saa mbili usiku. Nimeosha sufuria zote. Nalala sasa, saa tisa kasorobo usiku.