Mama, Usitume Tena Maziwa

Uyole, Mbeya
Jumatano mchana

Mama yangu mpendwa,

Kamwene mama. Kamwene na baba, na wote mnaoota moto hapo jikoni. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia Krismasi ulijipaka, au ulimpa shangazi kama kawaida yako? Nakujua. Huku watoto hawajambo. Amani anaongea Kinyakyusa cha majirani mpaka mimi mama yake naomba nitafsiriwe. Upendo ameota meno mawili ya chini na yote anayajaribia kwangu wakati wa kunyonya.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, baba akipokea simu anaweka spika, na kabla sijamaliza salamu nasikia jirani naye anaitikia. Haya ninayoandika si ya spika. Nimempa dada Yusta, yule anayepeleka mitumba Mafinga na Igowole, akukabidhi mkononi. Kaa chini, usome polepole mwenyewe. Ukimaliza ndipo uende kwa baba.

Ni habari za Baba Amani, mkwilima wenu. Mama, mume wangu anaisha.

Kazi yake unaijua kwa jina tu, kwamba ni fundi rangi wa magari. Ngoja nikueleze inavyofanyika, maana bila hiyo hutanielewa. Gari likigongwa, wenzake wananyoosha bati, wanapaka puti, wanapiga msasa, halafu linaingia kwake. Anapofanyia kazi si chumba, ni mabati tu yamesimamishwa na nailoni imening'inizwa mbele. Anajifungia humo na gari, kwa sababu vumbi likigusa rangi mbichi kazi imeharibika na mwenye gari anawaka. Anachanganya rangi na thina, anaongeza na dawa nyingine wanaiita hadina, ndiyo inayofanya rangi igande na kung'aa kama kioo. Kisha anapuliza. Unaujua ukungu wa asubuhi kwenye mashamba ya chai huko nyumbani, usiomwona aliye mbele yako? Ndani ya nailoni panakuwa hivyo, ila huu unawasha macho na una utamu mbaya unaobaki kooni. Yeye kajifunga fulana puani, basi. Na miezi ya baridi ndiyo balaa. Rangi haikauki, kwa hiyo wanaziba kila tundu na kuingiza jiko la mkaa. Kwa nini hawajaungua Mungu mwenyewe anajua.

Akitoka humo anakunywa maziwa. Hiyo ndiyo sheria ya mafundi rangi wote wa hapa. Wanasema maziwa yanaikusanya rangi kifuani na kuishusha tumboni. Aliyemfundisha kazi alimfundisha hivyo, na yeye alifundishwa hivyo. Bosi akimchukua fundi anamwambia kabisa, utapata mshahara na maziwa. Maski ya kuziba pua hataji mtu.

Sasa umeelewa kwa nini mkwilima wako alikuwa hakosi kukuomba maziwa. Ulidhani amependa tu maziwa ya nyumbani, ukamsifu hadi kanisani kwamba kijana hana mambo ya pombe. Ukawa unafunga dumu, unalipeleka mwenyewe hadi kwenye basi, unambembeleza kondakta alishike wima. Nasikia nyie wenyewe siku hizi mnakunywa chai kavu. Mama, kila nikifungua lile dumu na kukuta umezibia mfuniko kwa jani la mgomba nilikuwa nafurahi, nasema mama anamponya mume wangu.

Unakumbuka Krismasi tulivyofika? Anakohoa mpaka anashika mti. Shangazi Verena akasema baridi ya Igowole itammaliza mtoto wa watu. Lakini baada ya siku chache akawa anapasua kuni na baba, anamtania kaka Jofrei kuhusu kuoa. Akalala chali, mama. Mimi mke wake nilikaa kitandani nikimwangalia tu, maana huku analala ameketi, ameegemea ukuta na mto mgongoni. Sote tukasema ni maziwa ya mama, mabichi, ya ng'ombe anayekula majani mazuri. Tukarudi na dumu. Siku ile ile aliyoingia kazini, jioni kifua kikaanza kupiga filimbi. Tukasema maziwa yamechacha njiani. Ndipo tukakuomba utume kila wiki. Akili zetu zote ziliishia kwenye dumu.

Wiki chache zilizopita nikampelekea chakula gereji, Upendo mgongoni. Nikamkuta ametoka nje ya nailoni, ameshika magoti, mdomo wazi, hewa haiingii. Midomo imekuwa kama majivu. Wenzake wamemzunguka. Kuna mmoja wanamwita Chuma, ni fundi wa kunyoosha bodi, mtu wa masihara, akasema, "Shemeji, mpe na huyu anyonye, maziwa ya gereji hayamtoshi!" Wakacheka. Baba Amani naye akajaribu kucheka ili asionekane dhaifu, na kule kujaribu ndiko kulikomwangusha. Chuma huyo huyo ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwenye bajaji, analia kama mtoto, anasema, "Kaka, nilikuwa natania. Kaka, nilikuwa natania tu."

Hospitali walimwekea hewa, akatulia. Daktari alikuwa dada mdogo, nadhani ananizidi kidogo tu. Akamuuliza anafanya kazi gani, nikajibu mimi.

"Na akiwa mapumziko, kifua kinakuwaje?"

"Kinapona, daktari. Tukienda kwa mama yangu Igowole kinapona kabisa. Mama ana maziwa mazuri."

Akaniangalia. "Maziwa ya nini, dada?"

Nikamweleza. Hakunicheka, hilo nitamshukuru siku zote. Akasema, "Maziwa yanaenda tumboni. Anachovuta kinaenda kwenye mapafu. Hayakutani popote, hata umnyweshe zizi zima."

"Basi kwa mama anaponywa na nini?"

"Na kutokuwa gereji."

Mama, nilijisikia kama mtu aliyekuwa anamwagilia mti wa jirani huku wake unakauka.

Akatueleza kuwa ni ile hadina. Inapopulizwa mtu akaivuta muda mrefu, kuna wengine mapafu yanafika mahali yanaikataa. Yakishaikataa ndiyo basi, hata akipita karibu na mwenzake anayepuliza yanaweza kufunga. Fulana haizuii kitu, wala kitambaa. Kuna vifaa vya kujikinga vya kweli, vya kuvaa uso mzima na kuletewa hewa safi kwa mpira, lakini vingefaa tangu mwanzo. Kwa huyu, akasema, dawa ya kwanza ni kuacha. Baba Amani akauliza, "Nikipunguza je?" Daktari akamjibu taratibu, "Kaka, siku moja yatafunga na hayatafunguka. Sijui ni siku gani. Na wewe hujui."

Akanigeukia na mimi, akauliza ovaroli nafulia wapi. Nikasema kwenye beseni, pamoja na nguo za watoto. Na usiku inaning'inia wapi? Juu ya kitanda cha Amani, maana ndipo palipo na msumari. Akaandika. Siku hiyo hiyo niling'oa ule msumari. Sasa ovaroli inalala nje, na beseni lake liko peke yake.

Ungedhani baada ya hapo tumemaliza. Bosi alikuja kumjulia hali, mtu mwema tu, amekaa vizuri na watoto. Kaleta nini? Maziwa. Paketi zimejaa mfuko. Akasema, "Pumzika fundi, yanywe yote, ukipata nguvu kuna Koasta inakusubiri." Na mume wangu akapata nguvu, akaenda. Hospitali walimpa dawa ya kuvuta mdomoni, kichupa kidogo cha kubonyeza. Anakiweka mfuko wa ovaroli. Kifua kikibana anatoka nje ya nailoni, anabonyeza, anavuta, anarudi ndani kumalizia mlango wa gari. Dawa ya kumwokoa ameigeuza ya kumrudisha kazini.

Nimesema hadi nimechoka. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali, nimemnunia, nimepika anachokipenda. Jumapili tulipotoka kanisani nikamkalisha.

"Baba Amani, twende kwa mama."

"Kusalimia?"

"Kukaa. Tulime viazi."

"Ukweni?" Akanitazama kama nimemtukana. "Nikae ukweni, nile jikoni kwa mama mkwe, tupishane naye uani kila asubuhi nimeshika mswaki? Pale kijijini wataniitaje?"

"Wakuite watakavyo. Mimi nataka uwe na pumzi ya kuitika."

Akacheka, akakohoa, akashika ukuta. Alipotulia akasema, "Mama Amani, duniani nimejifunza kitu kimoja. Gari likitoka mikononi mwangu, mwenye nalo halitambui. Unataka nikiache nikawe nani?"

Na ni kweli. Angeiona Koasta ile alivyoifanya, mama, hata baba angeivulia kofia. Kwao Rungwe hakuna pa kwenda, shamba wamegawana kaka zake, kilichobaki ni kaburi la mama yake na migomba michache. Kwa hiyo imebaki kwenu.

Anajua kwamba nakuandikia. Ninachoandika hakijui. Asubuhi hii wakati anafunga viatu kaniambia, "Mwambie mama dumu la wiki hii lilifika zima, halikuvuja hata tone. Mwambie ndaga fijo, asante sana." Nikainama nikajifanya nafunga kanga ya mtoto.

Kwa hiyo mama, usitume tena maziwa. Yanyweni. Maziwa hayana kosa lolote, ila yanatufanya tungoje. Kila dumu likifika anaona ana kinga, anachukua gari jingine.

Ninachokuomba badala yake ni hiki, na tafadhali ukishike kama nilivyokiandika, usikichanganye. Baba asimwambie "njoo ukae." Akisema hivyo tumeshindwa. Amwite kwa kazi. Unajua kwetu mkwilima akiitwa na baba mkwe aje asaidie kazi hakatai, hata awe na shughuli gani, na Baba Amani adabu hiyo anayo kuliko watoto mliowazaa wenyewe. Baba amwambie goti linamsumbua, viazi viko ardhini na Jofrei yuko kwenye mbao huko msituni, hana mtu. Si uongo, mama. Goti si linamuuma? Viazi si viko ardhini? Aongee kwa ile sauti yake ya kuamuru, asibembeleze. Vikiisha viazi, kuna banda la kuezeka. Likiisha banda, baba hakosi kazi, tunamjua. Atakapoanza kuuliza lini anarudi Mbeya, atakuwa ameshalala chali wiki kadhaa, na hapo nitazungumza naye mimi.

Ila kupulizia viazi dawa asimpe. Hata kumbebea mtu bomba, hapana. Wakati wa kupulizia aende upande mwingine wa mlima. Hilo baba aahidi.

Najua na wewe nakutwisha aibu. Mama mkwe na mkwilima kwenye uwanja mmoja kila siku, wanawake wa jumuiya watapata la kusemea njia nzima. Tutalala chumba cha nje cha Jofrei, nitapika kwenye jiko langu, na ukiwa unapita nitamwambia akohoe kidogo ujue yupo. Natania mama. Nataka siku moja asikohoe kabisa.

Baba apige Jumapili jioni. Siku hiyo hajapuliza, sauti inakuwa imemrudia. Siku nyingine hamalizi neno bila kukata, na hatakubali baba mkwe amsikie hivyo, hatapokea.

Akikubali tunapanda basi wote. Asipokubali, nitakuja na watoto niwaache kwako, kisha nitageuza kumfuata. Pale stendi msiniulize kitu, nipeni tu nafasi ya kukaa. Na usije ukaniambia nimwache, maana sitamwacha, ila watoto hawatakulia kwenye harufu hii. Ulinifundisha kupika, kulea, kupokea wageni hata kama ndani hamna kitu. Kubaki mwenyewe na watoto wawili hukunifundisha, na sitaki kujifunza.

Msalimie baba, lakini baada ya kumsomea yanayomhusu. Msalimie shangazi Verena, mwambie baridi ya Igowole haijamwua mtu, aiache. Kaka Jofrei msalimie, umwombe chumba chake taratibu, usimwambie yote. Bibi mbusu mkono kwa niaba ya Amani, anamwita bibi wa moto kwa sababu haondoki jikoni. Mwalimu wa kwaya mwambie sauti yangu bado ipo, asimpe mtu nafasi yangu.

Yusta ameshasimama mlangoni na mizigo yake, ananiambia niache kulowesha karatasi. Kutoka hapa nilipokaa naisikia kompresa ya gereji, ile mashine inayosukuma rangi, inavyounguruma. Ikiwa inaunguruma najua bado anapuliza. Ikinyamaza natoka nje na Upendo mkononi, nasimama barabarani mpaka nimwone ametoka kwa miguu yake mwenyewe. Imenyamaza sasa hivi, mama. Ngoja niende.

Mwanao akupendaye,
Felista, Mama Amani