Betri ya Zablon

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Barabara yetu ya Moshono tope tupu, nimefika shuleni nimeshika viatu mkononi. Madaftari ya darasa la tano bado yananisubiri mezani.

Zablon amekuja kula. Mdogo wangu huyu hajui kula bila kubishana, na mume wangu, Baba Neema, hajui kumwachia. Leo tena betri. Baba Neema yuko zimamoto, kila kitu anakiangalia kwa jicho la moto. Anasema bajaji ya umeme kama ya Zablon ikishika moto, ile betri ya lithiamu itamaliza maji ya gari lao zima na bado itachemka. Zablon akamuuliza, shemeji, umezima pikipiki ngapi za petroli? Na bajaji za umeme je? Ya umeme Baba Neema hajawahi kuzima hata moja. Zablon akacheka mpaka akapaliwa na ndizi.

Nimewafukuza wote wawili wakabishanie nje. Nina kazi.

Jumatano, 7 Mei

Usiku umekwenda, sijala wala sijabadili nguo. Naandika hivyo hivyo.

Lori la Fuso limeigonga bajaji ya Zablon karibu na Makumira. Ubavuni, usawa wa kiti, ilipo betri. Hajavunjika popote. Bibi aliyekuwa amempakia naye mzima. Bajaji ilitoa moshi kwanza, mweupe, kama mvuke wa sufuria. Kisha ikalipuka. Baba Neema alikuwa zamu. Wamemwaga maji ikazima, ikawaka, wakamwaga tena.

Wamemkuta Zablon kando ya barabara ameloa mvua, anakohoa. Hospitali hataki. Ati kifua tu. Baba Neema amempeleka kwa nguvu. Amewekewa oksijeni. Nilipoingia wodini akanikonyeza.

Atapona.

Alhamisi, 8 Mei

Amezidiwa. Daktari anasema moshi umemuunguza mapafu, na madhara ya moshi wa namna hiyo hayajitokezi yote siku ile ile. Anahema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Anataka kuongea, namkataza.

Jioni Baba Neema amekuja na habari. Ile bajaji iliyoungua imewaka tena, yenyewe, kwenye yadi ilikovutwa. Imeziunguza na pikipiki mbili za petroli zilizokuwa jirani. Alikuwa ananisimulia mimi, kwa sauti ya chini, kumbe Zablon anasikia. Akaisogeza barakoa.

"Hizo mbili za petroli, shemeji, hesabu upande wako."

Baba Neema akacheka. Kisha akatoka, nikamsikia analia koridoni. Sijawahi kumsikia mume wangu analia.

Ijumaa, 9 Mei

Zablon amefariki. Mchana. Mama alikuwa amemshika miguu.

Siwezi.

Jumatano, 14 Mei

Tumemzika Akeri, nyuma ya migomba ya mama. Mvua ikatuachia kidogo, ikarudi kabla hatujamaliza kuweka maua.

Chini ya turubai wanaume wakaanza. Betri, petroli, betri, petroli. Mmoja anasema petroli inaunguza watu kila siku na hakuna anayeshangaa. Mwingine anasema heri petroli, tumeizoea. Sahani za wali ziko magotini. Mdogo wangu hajapoa kaburini, tayari amekuwa mada. Nilitamani kuwamwagia mchuzi.

Watu walipopungua mama akaniita jikoni. "Ni kitu gani kimemuua mwanangu?"

Nikasema betri.

"Na lile Fuso?"

Nikashika sufuria nikaanza kuisugua.

Jumamosi, 17 Mei

Kikao cha madereva wa bajaji, Usa River, kijiweni kwa Zablon. Wengi wanataka za umeme ziondolewe. Nami nilikwenda kwa hilo. Nilikaa mbele kusudi, nimevaa nyeusi, wanione.

Mwenyekiti wao akampa Baba Neema nafasi. Nilijua atakachosema. Miezi yote hii nimekisikia mezani kwangu.

Hakukisema. Amesema magari mengi aliyowahi kuyazima barabarani ni ya petroli na dizeli. Za umeme, kwa alivyoona yeye, huwaka kwa nadra. Ila ikiwaka ni kazi nyingine kabisa. Maji mengi, moshi wenye sumu, na unaweza kuondoka ukidhani umemaliza, kesho ikawaka tena.

"Mkiniuliza ipi ni hatari zaidi, sitawadanganya kwa neno moja. Na huyu aliyekufa ni shemeji yangu."

Watu wakaguna. Mimi nikainuka nikatoka.

Njia nzima nilitangulia mbele yake. Tulipofika nikamwambia, alipokuwa hai ulimpinga, amekufa ndiyo unamtetea? Amechukua blanketi, anakwenda kulala sebuleni.

Namchukia. Leo namchukia kweli.

Jumatano, 21 Mei

Nimetoka shule nikapanda kwa mama. Nimekuta mgeni getini, anaogopa kuingia. Bibi mwembamba, ana mkungu mdogo wa ndizi na kibuyu cha maziwa. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya kuitikia akaanza kulia.

Ndiye aliyekuwa kwenye bajaji.

Mama amemkalisha. Maneno yalitoka vipande vipande. Zablon alimtoa akambeba mpaka mbali, akamweka kwenye majani. Yeye bibi akaulilia mfuko wake. Ulikuwa na dawa zake za presha, na ulikuwa umebaki chini ya kiti. Zablon akageuka kuitazama bajaji.

"Akaniambia, hakuna moto, bibi, ni moshi tu. Akarudi."

Aliinama mle ndani kwenye ule moshi, anapapasa, mpaka akaupata. Alipofika kwake na mfuko ndipo moto ukalipuka nyuma yake.

"Ningenyamaza," bibi akasema. "Ningenyamaza tu."

Mama akamshika mikono yote miwili. "Uliomba dawa zako. Kuna ubaya gani?" Akaniambia nimpakulie chakula mgeni. Nimepakua sioni ninachopakua.

Ingekuwa petroli angeuona moto, angekimbia. Alidhani ana muda. Walibishana miezi kuhusu maji na mitungi ya kuzimia moto na ipi inawaka zaidi, lakini kwamba betri hutoa moshi kabla ya moto, hilo moja halikuwahi kutajwa.

Nimemweleza Baba Neema mlangoni, sijavua hata viatu. Amesikiliza amesimama. Halafu akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Nikakaa naye. Hatukuwasha taa hata giza lilipoingia.

Jumamosi, 24 Mei

Usa River tena, tumekwenda pamoja. Bajaji za umeme hawajaziondoa. Sijui kama wamefanya sawa. Nikiiona moja nageuzia uso pembeni. Nikiliona Fuso pia.

Baba Neema amewaeleza wakae umbali gani, waite nani, betri iliyogongwa isichajiwe wala isiingizwe ndani hata kama inaonekana nzima. Alipomaliza nikaomba kusema. Sikuwa nimepanga.

Nimesema: moshi ukianza kutoka chini ya kiti, msisubiri kuona moto. Toeni watu, kimbieni. Asirudi mtu. Abiria akililia mfuko, mshike umkumbatie, lakini usirudi.

Dereva mmoja wa makamo akavua kofia, wengine wakafuata. Hakuna aliyebisha.

Jumapili, 1 Juni

Akeri, baada ya ibada. Mvua zimekwisha, baridi imeingia. Mlima uko wazi mpaka juu.

Nimemkuta mama ameanika koti la Zablon kwenye uzio, lile tulilorudishiwa hospitali. Amelifua mara nyingi hata rangi imepauka. Harufu ya ule moshi imeisha, anasema. Mimi bado naisikia kwa mbali. Sikumwambia.

Alasiri amelianua, akalikung'uta, akalivaa. Mikono imemzidi urefu. Ameikunja taratibu, mmoja, kisha mwingine, akachukua panga akaenda kumkatia ng'ombe majani.