Walivyonichimbia Kaburi Nikiwa Fort Ternan

Jumatatu, 3 Februari

Nimekoka moto, nimekunywa uji, nimechuma majani mpaka jua likakaa kichwani. Nina miaka sabini na tisa. Nimezika mameneja watatu wa kampuni ya chai, wote wadogo kwangu. Nyumba yangu imechomwa mara mbili wakati wa kura na bado niko Kiptere. Shule niliacha darasa la tatu. Lakini sisi watu wa ziwani tulioletwa huku na kazi ya chai, mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi ni mimi, Okumu. Tangu nishike kiti hakuna wetu aliyezikwa ugenini. Wote tumewafikisha kwao.

Mke wangu Rosa yuko nyumbani ziwani, anatayarisha shamba la mahindi. Ana presha. Nikimwambia apumzike anasema nianze mimi.

Jumatano, 5 Februari

Atieno amekuja. Ndiye karani wa chama, binti ya marehemu rafiki yangu, kompyuta anaijua. Ana wasiwasi na tovuti yetu. Majina ya wanachama yote yako humo. Akibonyeza kwamba fulani amefariki, yenyewe inatuma ujumbe kwa simu za watu wa kwao, nao wanaanza kuchimba. Hawapigi simu kuuliza. Hiyo sheria niliweka mimi. Maswali yalikuwa yanachelewesha mazishi.

Programu ni ya bure. Watu wa dunia nzima wameiandika pamoja, wakaiweka wazi, anayetaka achukue. Niliichagua mimi. Sasa wenyewe wametangaza ina tundu, pale kwa kisanduku cha kutafuta jina.

"Baba, ni kama karani wa kupima majani," akasema. "Anakuuliza jina. Wewe unamjibu, Okumu, halafu futa wengine wote. Badala ya kuandika jina, anafuta."

Nikamwambia miaka yote niliyopimisha majani sijaona karani mjinga hivyo.

"Kompyuta ndiyo mjinga hivyo, Baba. Inatii tu. Na hilo tangazo hata mwizi amesoma."

Anataka kuifunga siku moja aweke kiraka. Nimekataa. Tuko na mgonjwa pale hospitali ya Kaplong, hali yake mbaya. Akifa siku hiyo je? Chombo kinachofanya kazi hakichokozwi.

Ameondoka. Chai yake hakumaliza.

Alhamisi, 6 Februari

Atieno tena. Nimekataa tena. Kichwa changu ni kigumu, ndiyo maana bado kiko shingoni.

Ijumaa, 7 Februari

Naenda Fort Ternan kuangalia fahali. Nitalala huko. Simu nimeacha kabatini. Simu ni ya watu wanaoogopa kupotea. Nimefunga mlango. Siagi mtu, mimi si mtoto.

Jumapili, 9 Februari

Naandika ya jana.

Jana jioni nilimkuta Arap Koech kwa geti langu na mtungi wa maziwa. Jirani wangu wa miaka mingi. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kofia.

"Okumu, si wewe umekufa?"

"Nani amesema?"

"Watu wako. Wanalia tangu jana. Haya ni maziwa ya matanga." Akafikiri. "Sasa kunywa wewe mwenyewe, mimi sirudi nayo."

Nikanywa. Nikacheka. Mungu anisamehe kile kicheko.

Atieno akaja mbio, macho mekundu. Ijumaa mchana mtu aliingia kwa kile kisanduku. Mahali pa jina akaandika amri. Tovuti ikatii. Wanachama wote wakageuka marehemu, wote kwa pamoja, na ujumbe ukafika kila boma. Vifo vilizidi, safari hii watu wakapiga simu kuuliza. Wengine walishika simu zao, wakasema wako hai, wakatukana, ikaisha. Mimi sikupatikana. Nyumba imefungwa, simu inalia kabatini. Huko nyumbani wakasema, basi huyu mmoja ndiye kweli.

Nimeuliza Rosa yuko wapi. Atieno amenipa nauli ya kwenda nyumbani.

Jumanne, 11 Februari

Niko nyumbani ziwani. Kaburi langu liko wazi upande wa kulia wa nyumba. Refu, kingo zimenyooka. Ujanani nilichimba vizuri zaidi.

Rosa alinipigia simu mpaka akachoka. Halafu akatoa koti langu la kanisani, akalivaa kama wajane wa kwetu wanavyovaa nguo za bwana. Akaanguka mlangoni. Yuko hospitali. Upande wa kushoto umekufa. Hasemi.

Ndugu yangu Nyangweso anasema kaburi likichimbwa haliachwi tupu, litaomba mtu. Badala yangu tumelizika tunda la yago, mti wa mwegea, lile refu zito kama mkono wa mtu. Wazee walisema mwenye kaburi asiguse udongo. Nimechukua jembe la Nyangweso nikafukia mwenyewe.

Alhamisi, 13 Februari

Nimempigia Atieno. Nikasema, funga tovuti, weka kiraka, hata mwezi mzima. Akasema aliifunga Ijumaa ile ile. Afadhali angenitukana.

Aliyeingia hajulikani. Hakuiba kitu. Labda alikuwa anajaribu tu. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na kabati.

Jumapili, 16 Februari

Mvua kidogo. Nimekaa na Rosa tangu asubuhi. Koti langu hataki litolewe kitandani. Muuguzi akamuuliza, "Mama, huyu ni nani?" Akageuza uso ukutani. Nyangweso anasema ananiona mimi ni mzimu.

Uji nikimpa mimi, anafunga mdomo. Muuguzi akimpa, anakunywa.

Simu sasa iko mfukoni. Hakuna anayepiga.

Mimi niko hai. Anayebisha amuulize Arap Koech, nilimaliza maziwa yake akinitazama. Amuulize Atieno, anaijua sauti yangu. Amuulize Nyangweso, jembe lake lina jasho langu. Hao ndio mashahidi wangu. Rosa bado.

Kesho nitamletea uji tena.