Kabari Kabla ya Sabato

Ijumaa, Migori

Mtetemo umeisha. Tangu gari liongezewe springi na kuinuka, kila nikizidisha mwendo sakafu ilitetemeka mpaka kalamu zikadondoka. Pua ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, ilibaki imeinama, haielekeani sawa na giaboksi.

Kesho nina miadi na wachimbaji wa dhahabu Masara, na njia ya huko ni mawe matupu. Ilibidi litengenezwe leo.

Fundi Ochieng' wa Rodi Kopany alikata kabari kutoka springi kuukuu ya trela la miwa, akazipachika kati ya springi na ekseli ili pua inyanyuke. Tulipojaribu barabarani, gari likatetemeka zaidi. Akaingia chini, akachungulia, akacheka.

"Yawa, nimeziweka kinyume. Zinainamisha pua badala ya kuinua."

Jua lilikuwa linashuka, na yeye ni Msabato; Sabato yao huanza Ijumaa jua likizama. Alizigeuza haraka, lakini lilipozama nati kadhaa za kushikilia springi kwenye ekseli zilikuwa bado zimelegea. Akanipa spana, akaenda kunawa.

"Sabato ni yangu, mwandishi. Wewe kaza."

"Na nisipokaza vizuri?"

"Utatembea kutoka Awendo."

Sikupenda. Nati zikilegea, ekseli inaweza kuhama nikiwa njiani. Nililala chini, nikakaza mpaka mkono ukauma. Alisimama kando, mikono safi nyuma. Nilipoiacha nati moja mapema, akakohoa.

Nikairudia.

Nimepita Awendo kwa kasi nikirudi Migori. Kalamu zilikaa mahali pake.