Masomo Matano ya Zuhura

Jumapili, Wembley

Eti mimi wa darasa la nne sijui kitu!

Mjukuu wangu Zuhura anataka kuomba kusomea udaktari chuoni, na leo alikuwa akijaza fomu ya masomo ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunisemesha Kiingereza, ndipo nikajua ana shida: "Babu, mwambie Mama matano yataniangusha. Nichukue matatu."

Nikaanza kumwambia binti yangu, akanikatiza. "Baba, wewe hospitali ulikuwa unasukuma vitanda tu. Achukue matano, ndipo vyuo vitamkubali!"

Nilitaka kumwambia nimewakuta madaktari wangapi wakilia kwenye stoo ya mashuka. Badala yake nikatania kitambi cha mumewe. Wakacheka wote isipokuwa Zuhura. Akajaza matano.

Mzee mjinga. Maiti wote niliowasukuma hospitalini nimewafikisha walikotakiwa, neno moja la mjukuu limenishinda kulifikisha.