Ua la Mchana

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukikosa la kunisaidia basi angalau usinicheke, maana mimi ni mtu wa haya sana, darasani hata nikilijua jibu humnong'oneza jirani yangu alitoe yeye asifiwe, mimi niendelee kutazama dawati. Nina miaka kumi na sita. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayowazia, ingawa nimesomeshwa mbili, hii ya shuleni na ile ya wazee wetu tunayofundishwa Jumamosi nyuma ya hekalu, ila hiyo ya wazee ninayo maneno ya kuombea na maneno ya jikoni tu, ya katikati sina, na jambo langu lote liko hapo katikati.

Babu yangu, mzaa baba, ni kuhani wa hekalu letu la Kihindu, na tunaishi uani, nyumba na hekalu ukuta mmoja. Huenda hujawahi kuingia kwetu, kwa hiyo nikueleze. Bwana wetu, mungu wa hekalu, hukaa humo katika sanamu yake kama mwenye nyumba anavyokaa kwake. Alfajiri babu humwamsha kwa kengele na wimbo, humwogesha, humvika, humpaka sandali, rojo la mti wa kunukia, kwenye paji la uso, humwandalia chakula kabla sisi hatujaonja hata chumvi ya mboga, halafu adhuhuri pazia hufungwa apumzike, alasiri hufunguliwa tena, na jioni tunazungusha taa mbele yake. Iwe mvua iwe jua, kila siku. Hata siku ya harusi. Hata siku ya msiba.

Kazi ya bibi ilikuwa maua. Alikuwa na chumba kidogo cha kutungia mashada, na chumba hicho kina mlango mwembamba unaotokea ndani kabisa, nyuma ya pazia. Mchana Bwana akiwa amelala, bibi alikuwa akifungua mlango ule kwa ufunguo wake, anaingia peku, anaweka ua moja la manjano. Hakuliweka miguuni pa Bwana. Aliliweka chini sakafuni, pale babu anapokanyaga akija kufungua pazia alasiri. Siku moja nilimuuliza kwa nini chini, akaniambia huku anakata uzi kwa meno, "Nataka huyu mzee ainame. Mgongo wake umekuwa mgumu kama maneno yake." Nikacheka mpaka nikamwaga maua. Na kweli, babu alikuwa akilikuta anaguna, "Huyu mwanamke!" halafu anainama, analiokota, analiweka mwenyewe miguuni pa Bwana. Hawakuwa watu wa kuambiana mazuri wale. Waligombania chumvi, waligombania mwavuli, waligombania nani ameacha bomba wazi. Lakini ua halikukosekana.

Bibi alituacha mwanzoni mwa mwaka huu.

Babu, aliyeshikiwa zamu na kuhani mwingine siku za msiba, aliporudi kazini, mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika sinia, nikaona kwamba alipofika penye pazia, kabla hajamtazama Bwana, alitazama chini. Sakafu ilikuwa tupu. Akakaa anaitazama mpaka shangazi akakohoa. Kesho yake vilevile. Sauti yake ya kuimba ikawa ya kuvuta, kengele akawa anaipiga kama anayeogopa kumwamsha mtu, sharubu akaziacha tu ziote. Mimi nilitaka kumwambia pole, mshauri, nilitaka sana, lakini kila nikifungua mdomo linatoka neno la jikoni, "Babu, nikuongezee mchuzi?" naye anasema hapana, basi mazungumzo yamekwisha.

Bibi aliniachia kopo lake la sindano. Chini ya uzi nikakuta ule ufunguo, ambao nyumba nzima walikuwa wameutafuta mpaka wakachoka, babu akasema mlango ule basi, umekwenda na mwenyewe. Mchana huo nikaufungua. Nikaweka ua palepale. Nakuapia nilidhani atajua ni mimi! Nani mwingine anakaa chumba kile, nani mwingine vidole vyake vinanuka maua mpaka mwalimu wa hesabu anauliza? Nikajibanza nyuma ya mlango nikisubiri ageuke aniite. Akaingia, akaliona, akainama taratibu, akaliokota, akaligusisha machoni pake, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Umekuja."

Sikutoka. Siku ya pili nikaliweka tena kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Sasa babu anaimba alfajiri mpaka majirani wanamsikia. Sharubu kazipunguza. Anakula. Na jambo limetoka nje, kwa sababu babu mwenyewe, asiyejua kuficha furaha, alimweleza mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja ambaye sisi vijana tunamwita Mzee Kipaza kwa kuwa kipaza sauti hakijawahi kutoka mkononi mwake bila kuvutwa. Alasiri watu wanajaa, wakiondoka wanakuja wengine, wanasukumana kuona ua lililotokea nyuma ya milango iliyofungwa. Mzee Kipaza anataka kutengeneza kisanduku cha kioo cha kuliwekea. Shangazi yangu peke yake ndiye aliyesema, akiwa anamenya njegere, "Muujiza gani huu unaochuma maua kwenye bustani yetu?" Mzee Kipaza akamjibu, "Dada, wewe endelea na njegere." Shangazi akanitazama mimi. Nikatazama njegere.

Ningeweza kuvumilia hayo yote. Lililonivunja ni wiki iliyopita. Nililala na homa, nikazinduka jioni, siku imepita, ua sijaweka. Nilimkuta babu kwenye ngazi za uani, chakula hakijaguswa. Akanisogezea nafasi nikae. Akasema, kwa Kiswahili, ambacho huwa anakitumia na muuza maziwa tu, "Mama," ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake, "leo hakuja. Sijui nimemkosea nini." Nikasema, "Labda alikuwa mgonjwa, babu." Akacheka kidogo. "Wafu hawaugui. Labda amechoka. Hata mimi ningekuwa yeye ningechoka na mimi."

Mshauri, nikaichukua sahani yake iliyojaa nikairudisha jikoni.

Sikukuu yetu kubwa ya mwaka inakaribia, ile ya taa, tunapopanga vitaa vya udongo kuanzia lango mpaka miguuni pa Bwana, na wageni watajaa mpaka barabarani. Mzee Kipaza amepanga babu asimame mbele ya wote asimulie habari ya ua. Baada ya sikukuu mimi naenda shule ya bweni. Ua litakoma. Nikinyamaza babu atasimulia mbele ya watu jambo ambalo si kweli bila kujua, na nikiondoka atafiwa mara ya pili na atadhani kosa ni lake. Nikisema, nitakuwa mimi ndiye niliyemuua bibi mara hiyo ya pili. Mchana nikiingia huwa namwambia Bwana haya yote kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo nisimwamshe, lakini yeye amelala na mimi nahitaji mtu aliye macho. Nifanye nini?

Wako,
Mwenye Ufunguo

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Ufunguo, kwa mtu asiye na maneno umeniandikia barua ndefu, na nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma nimevua miwani kwa sababu haikunisaidia tena.

Mimi si wa dini yenu, kwa hiyo namna Bwana wenu anavyolala na anavyoamka sitakufundisha, muulize babu yako, ndiyo kazi yake. Wala sitakuambia kama bibi yako anakuja au haji. Ninachokijua ni watu wanaokaa nyumba moja.

Ua lile la kwanza sikulaumu. Uliona macho ya mzee yakitafuta kitu sakafuni, watu wazima wote mle ndani wakakohoa, wewe ukakitafuta ukakileta. Hiyo ni pole uliyompa, tena nzuri kuliko pole nyingi ninazosikia misibani. Kosa lako limeanza pale aliposema "Umekuja" na wewe ukabaki nyuma ya mlango. Mzee alikuwa na mjukuu anayempenda kiasi kile, umbali wa hatua chache tu, na hakumjua. Unaona ulichomnyima? Na tangu hapo kila ua limekuwa likimfunga kamba, mpaka homa yako wewe imekuwa dhambi yake yeye. Mzee ameketi kwenye ngazi anajihukumu kwa sababu mtoto kameza vidonge akalala. Hilo haliwezi kuendelea, binti yangu, hata kwa siku moja ya ziada.

Kwa hiyo utamwambia. Tena utamwambia wiki hii, kabla ya sikukuu na kabla vitaa havijapangwa, wala usimpelekee shangazi akusemee. Shangazi yako anajua zamani, yule hajakutazama bure juu ya njegere, lakini hili ni lako.

Usimwambie alasiri watu wakiwa wanasukumana nje ya pazia. Mwambie adhuhuri, akishalifunga na kila mtu ameenda kwake. Mwite aje chumba cha maua. Mtu mwenye haya asijipe kazi ya kuanza na hotuba, kwa hiyo anza na mkono: chukua ufunguo, fungua ule mlango mwembamba mbele ya macho yake, halafu umwekee ufunguo kiganjani. Hapo atakuwa ameshaelewa nusu. Nusu iliyobaki iseme kwa Kiswahili, usihangaike na maneno ya katikati usiyo nayo. Yeye mwenyewe alipoumia kabisa alikuja kwako kwa Kiswahili, hukuliona hilo? Alikufungulia mlango wake, ukamjibu habari za ugonjwa wa marehemu! Sema hivi: "Babu, ni mimi. Nilikuona unatazama chini, nikashindwa kuvumilia." Halafu nyamaza, kazi ambayo unaiweza.

Huenda atakasirika. Mwache akasirike, usikimbilie kwenye njegere. Huenda atalia, na mzee akilia hahitaji kuongezewa mchuzi, hahitaji kitu, kaa naye tu.

Akishatulia, mpe kile ambacho hujampa mtu yeyote. Umeniandikia mimi, mgeni, maneno ya bibi yako kuhusu mgongo mgumu. Babu yako ameinama miaka yote ile akiguna "Huyu mwanamke!" na sidhani amewahi kuambiwa kwa nini lilikuwa chini. Unaogopa kumnyang'anya mkewe, kumbe umekalia neno la mkewe ambalo hajawahi kulisikia! Ua linaweza kuwa la mtu yeyote. Neno lile, ukilisema jinsi lilivyosemwa, na meno yakiwa kwenye uzi, atajua lilikotoka kabla hujalimaliza. Tena naamini atacheka.

Mzee Kipaza mwachie babu yako. Kumnyang'anya mtu mzima kipaza sauti si kazi ya mtoto. Kuhani akitaka siku ya sikukuu asimame aseme, "Ndugu zangu, ua lilikuwa la mjukuu wangu," atasema, na wewe siku hiyo utaona haya mpaka utamani sakafu ikumeze, na haitakumeza, na utapona. Asipotaka, kisanduku cha kioo kitapata kazi nyingine, wawekee njegere.

Kuhusu bweni, ufunguo ubaki na babu. Yeye ndiye atakayeamua mchana uingiwe na nani, ni nyumba ya Bwana wake na ni mlango wa mkewe. Wewe ukiwa huko uwe unamwandikia, hata mistari miwili, na usisingizie lugha.

Lakini hiyo ni baadaye. Siku hiyohiyo utakayomwambia, mkishafuta nyuso zenu, muombe ufunguo mara moja, uingie peku kama kawaida, uweke ua palepale sakafuni. Usijifiche. Alasiri akija atakukuta umesimama kando ya ua lile na sinia yako, atalitazama, atakutazama wewe, atajua kabisa limewekwa na nani, na bado atainama.