Ukuta wa Chini ya Dirisha

Kihesa, Iringa
9 Juni

Dada yangu mpendwa Devotha,

Na lile swali lako la Jumapili, kwamba mbona sauti yangu imepoa kama uji wa jana, sikulijibu kwa sababu Sosthenes alikuwa amekaa pembeni yangu anamenya viazi, na simu yangu husikika mpaka kwa jirani. Ndiyo maana naandika. Lakini kwanza shikamoo, dada. Shemeji Asukile hajambo? Na Blessing, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku tunaendelea, ila baridi ya mwaka huu inatufungisha madirisha tangu saa kumi jioni.

Dada, ndoa ni tamu. Huu ni mwezi wa nne na bado nikiandika neno mume wangu natabasamu peke yangu. Kila asubuhi ananipashia maji ya kuoga kabla hajaenda karakana, na jioni hurudi na parachichi moja kalifunika kwa kofia kana kwamba ni yai. Hata tundu lilipotokea kwenye ukuta wa chumbani, chini ya dirisha, alisema hataki panya amsumbue mke wake, akatega mtego. Anaukagua kila asubuhi.

Nyumba hii ilijengwa na marehemu babu yake, na imepakwa rangi juu ya rangi, sijui mara ngapi. Sasa inabanduka. Sosthenes alinunua msasa ili aisugue yote na kupaka upya, lakini rafiki yake Fred, fundi rangi, alipokuja kuiona kazi alimnyang'anya ule msasa. Alimweleza kwamba rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ukizisugua kavu zinakuwa vumbi mnalolivuta nyumba nzima. Sosthenes akasema babu yake aliishi humo mpaka miaka tisini na alikuwa bado anakimbiza mbuzi. Fred akamjibu kwamba babu hakuwa analamba ukuta. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Fred alikata kipande kwa kisu, tabaka zote za rangi mpaka kwenye plasta, akakifunga kwenye mfuko na kukituma maabara Dar es Salaam. Tulisubiri zaidi ya wiki mbili, dada. Majibu yamekuja: risasi imo, na imezidi kiwango mara nyingi sana. Fred akauliza kama ndani kuna mtoto mdogo au mama mjamzito, maana hao ndio inaowaumiza zaidi na hawatakiwi kuwepo wakati wa kazi. Sosthenes akasema bado, Mungu akipenda, akanitazama kwa lile jicho lake. Nikasema chai inachemka, nikatoka.

Kazi itaanza wiki ya mwisho ya mwezi. Watafunga chumba kimoja kimoja, watandike nailoni sakafuni, wavae barakoa za kazi, na kulowesha rangi kabla ya kuikwangua. Hakuna kuchoma kwa moto, hakuna kufagia. Vumbi litafutwa kwa kitambaa kibichi, na mabaki yatafungwa kwenye mifuko.

Sasa nikuambie, dada. Nina mimba. Unakumbuka ulipokuwa na Blessing tumboni, mimi ndiye uliyekuwa unanituma sokoni kukununulia udongo wa kula? Hamu ileile imenishika. Lakini wauza udongo wa hapa wanasali usharika mmoja na mama mkwe. Ningenunua asubuhi, mchana angekuwa ameshajua, na mimi nilitaka Sosthenes asikie kwanza, kwangu, siku yake ya kuzaliwa. Basi nikawa nabandua ukuta wa chini ya dirisha, plasta na rangi yake, natafuna. Ulikuwa na harufu ya mvua ya kwanza. Nilitafuna karibu wiki tatu, nikaacha siku ile Fred alipotaja kulamba.

Juzi nilikwenda kliniki peke yangu. Nesi hakunigombeza. Alisema sumu hii haijulikani kwa kumtazama mtu, lazima damu ipimwe, na kwake kipimo hicho hakipo. Ameniandikia rufaa ya hospitali kubwa huko kwenu Mbeya. Nilimuuliza kama mtoto atakuwa salama, akasema tupime kwanza. Neno hilo ndilo ninalolala nalo.

Sosthenes bado hajui. Leo akirudi nitautegua ule mtego mbele yake, nimwambie panya ni mimi.

Msalimie shemeji, na umbusu Blessing kwa niaba yangu. Niombee, na usininunulie udongo hata nikikulilia. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, Sosthenes na mimi na huyu ambaye bado hatujamjua.

Mdogo wako akupendaye,
Yudith